Mwenye Neno na Aombe Nafasi

Orvokki Hautakangas alimwogopa mtu mmoja tu siku ile, na mtu huyo hakuwa profesa.

Mimi ni mtunza ukumbi wa idara ya falsafa hapa mjini Turku. Nimewafungulia wengi mlango wa mtihani wao wa mwisho, na siwaonei wivu hata kidogo. Shahada ya uzamivu haiji kwa kusoma tu, msidanganyike. Umalize kozi zako, uandike tasnifu mpaka macho yaume, wakaguzi wawili wa nje waipitie ndipo uruhusiwe. Kisha ichapwe na kuwekwa hadharani, ili mwenye kinyongo aisome mapema. Siku ya siku unavaa nguo nyeusi na kusimama mbele za watu, unamkabili mpinzani aliyeletwa kutoka chuo kingine. Yote hayo nayaona afadhali. Ninalolichukia ni la mwisho: unawageukia watu ukumbini na kuwaomba kwa kinywa chako mwenyewe kwamba mwenye neno dhidi ya tasnifu yako na aombe nafasi. Kwa kawaida haombi mtu. Wote wanawaza kahawa na keki.

Orvokki alihangaika na shahada hiyo zaidi ya miaka kumi. Alifundisha watu wazima jioni, akala supu ya njegere ya mkebe, mume akachoka akaenda zake. Tasnifu yake ilisema hivi: ahadi uliyompa mtu aliyekwisha kufa haikufungi, kwa kuwa aliyeahidiwa hayupo tena wa kudai. Sura ya nne, iliyokuwa moyo wa kitabu, ilisimama juu ya mfano mmoja. Mwanamke anamwahidi mama yake anayekata roho kwamba hatamwacha mdogo wake peke yake, kisha anahamia mjini. Hana deni, iliandikwa. Marehemu hadai.

Wenzake waliusifu sana mfano huo, na hakuna aliyeuliza ameutoa wapi. Wasomi bwana! Mimi aliniambia siku moja jikoni pale idarani, tukingoja kahawa ichujike.

"Helvi, yule mwanamke ni mimi."

"Na huyo mdogo mtu?"

"Tauno yuko kijijini kwetu, Kainuu, na mbwa wake. Tangu mazishi sijarudi."

Nilimmiminia kahawa yake.

Sasa, kwetu kila ndugu hupelekewa nakala ya tasnifu, na kila mtu anajua kwamba ndugu hawasomi. Wanafungua ukurasa wa shukrani, wanatafuta jina lao, halafu kitabu kinapanda rafuni karibu na Biblia. Kwa imani hiyo Orvokki akamtumia Tauno nakala yake. Hakumwalika kwenye mtihani wala kwenye karamu ya jioni.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta amejibanza nyuma ya mlango wa ukumbi, anachungulia.

"Helvi, safu ya nyuma amekaa nani?"

"Jamaa mmoja, koti la kuwindia. Hata kofia hajavua, hana adabu."

Alishika mwimo wa mlango. "Ni yeye. Amekisoma."

"Ah, labda kaja kukupongeza."

"Tauno hapandi treni kwa ajili ya pongezi."

Mtihani ukaanza. Mpinzani, profesa mwembamba mwenye mafua, alimbana vizuri, naye akajibu vizuri, ila macho yake hayakutoka safu ya nyuma. Hatimaye mpinzani akatangaza kuwa atapendekeza tasnifu ikubaliwe. Kikabaki kile kipengele cha mwisho. Orvokki alikisema kwa sauti ndogo mno, hata Profesa Ilmonen, mwenyekiti wa mtihani, akamtaka arudie. Akarudia.

Tauno akasimama.

"Naomba nafasi, mzee. Ni wewe unayeombwa, au?"

Watu wakacheka. "Ni mimi," akasema Ilmonen. "Karibu."

"Mimi sikusoma. Hiki nimekisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuambulia kitu." Wakacheka tena. "Sasa pale pa mama na binti yake. Imeandikwa aliyeahidiwa kafa. Lakini chumbani tulikuwa watatu, dada. Mimi nilikaa miguuni pa mama. Ulimjibu yeye huku unaniangalia mimi. Mwenye ahadi hajafa. Ni mimi hapa."

Hakucheka mtu. Sheria inamtaka mtahiniwa ajibu. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilimwona kayataka mwenyewe.

"Namshukuru msemaji," akasema mwisho. "Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Sina jibu."

Ilmonen akafunga mtihani haraka. Kwenye korido mpinzani alipenga kamasi, akasema pendekezo lake liko palepale, ataandika tu kwamba sura ya nne imepigwa vibaya. Orvokki alikuwa amefaulu, lakini hakuonyesha furaha yoyote.

Desturi ina neno moja zaidi. Aliyesimama kupinga ukumbini lazima aalikwe kwenye karonkka, karamu ya jioni. Daktari mpya humshukuru kila mmoja wao kwa zamu, na kila aliyeshukuriwa husimama kumjibu. Kwa hiyo jioni, nami nikiwa mmoja wa waalikwa, Tauno alikaa mezani, shati limepigwa pasi, samaki wa moshi mbele yake hajaguswa. Sasa alikuwa amevua kofia. Kichwa hakikuwa na unywele hata mmoja, nyusi pia hazikuwapo, na kola ilimpwaya shingoni. Nikalijutia neno langu la asubuhi.

Orvokki alimshukuru mpinzani, akamshukuru Ilmonen. Ilipofika zamu ya mdogo wake alikitazama kile kichwa, akaweza kusema "Asante, Tauno" tu, akakaa.

Tauno akainuka, mkono mmoja mezani.

"Sikuja kukuharibia, dada. Nilijua hutanialika. Mwalimu wa kijijini ndiye aliyeniambia, anayesema ukumbini hawezi kunyimwa kiti mezani. Nikaona basi, njia ndiyo hiyo." Akavuta pumzi. "Madaktari, wale wa sindano, si nyinyi, wanasema majira ya kuchipua siyafikii. Na mbwa nampenda, lakini sitaki niwe na mbwa peke yake."

Orvokki alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Tauno, naahid..."

"Usiahidi," akasema. "Njoo tu."

Asubuhi niliwapeleka stesheni. Tauno alikuwa na tiketi yake ya kurudi. Orvokki alikata ya kwenda tu.