Mpira Ambao Mansuri Hakupaswa Kuuokoa

Mwanaume mzima alijirusha hewani, akaukuta mpira uliokuwa unakwenda zake nje, akaurudisha uwanjani kwa ncha za vidole, kisha akaanguka kifudifudi juu ya saruji.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sisi tuliotoka Lushoto peke yetu ndio hatukucheka. Tulijua kwa nini amefanya vile, na tulijua ametumaliza.

Hii si hadithi ya kuambiwa, wakubwa. Nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyekuwa kapteni.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, enzi za ruksa. Soko la Lushoto limefurika mitumba, madukani kuna sabuni za nje za kila rangi, ila kazi hakuna. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa, baba za watu wanarudi nyumbani na begi moja mkononi.

Baba yake Mansuri alikuwa mmoja wao. Alirudi Bungu kutoka kiwanda cha mbao, akakaa barazani, akawa haongei.

Sisi tulikuwa chuo cha ualimu, juu kidogo ya mji. Tetesi zilishazagaa kwamba tukimaliza, serikali haitatuajiri wote kama zamani.

Mkuu wa chuo naye akatukusanya wachezaji wa mpira wa kikapu, akatupasha.

"Vijana, fungu la michezo limefutwa. Anayetaka kucheza acheze, lakini msije ofisini kwangu kuomba mpira."

Mpira tuliokuwa nao ulikuwa mmoja. Tuliachiwa na mzungu aliyekuja kutembea Irente, akacheza na sisi jioni moja, akatuonea huruma.

Na uwanja wetu sasa! Ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Korongo tu.

Mpira ukitoka upande ule unashuka na mahindi ya watu mpaka mtoni. Uufuate, upande nao tena, ukifika jua limezama na mazoezi yamekwisha. Ukichomwa na miba huko chini ndiyo basi, timu imekufa.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga. Mpira hautoki.

Umeguswa na nani mwisho, haijalishi. Refa atampa nani, haijalishi. Aliye karibu anajirusha, anaurudisha ndani, mengine baadaye.

Fundi wa kujirusha alikuwa Mansuri. Mrefu, mkimya, akiufuata mpira pembeni mwa korongo unafumba macho wewe.

Mwalimu wetu, Sefania, mtu wa Tanga, alikuwa anashika kichwa. "Mansuri! Utakuja kufa hapo!"

"Nikifa mimi utapata mwingine, mwalimu," Mansuri anajibu huku anajifuta vumbi. "Mpira utaupata wapi?"

Sasa, mwanzoni mwa msimu ule akapanda mgeni na Landrova. Bwana Ibrahimu, afisa michezo wa shirika moja la umma pale Tanga. Jina la shirika naliacha.

Mnaokumbuka zamani hizo mnajua. Shirika lilikuwa na timu yake, na ukijua kucheza unaajiriwa. Kwenye karatasi wewe ni karani, kazi yako hasa ni kufunga vikapu.

Bwana Ibrahimu akasema mbele yetu sote, "Timu itakayochukua ubingwa wa vyuo kanda hii, watano wake wa kwanza nawachukua. Ajira kamili. Mkimaliza chuo mnakuja kwangu."

Mansuri alikuwa kwenye watano hao. Jioni ile hakula. Aliniambia, "Kapteni, mimi nikipata kazi hii mzee wangu ataongea tena."

Sijawahi kuona watu wanacheza kama tulivyocheza msimu ule.

Timu zilizotufuata mlimani zilikuwa zinapata tabu ya bure. Ukungu unashuka katikati ya mchezo, kikapu hawakioni. Wakikaribia korongo wanarudi nyuma. Sisi tunajirusha tu. Walituita vichaa, na vichaa tukawafunga mmoja mmoja.

Tukashuka Korogwe, tukashinda. Tukashuka Muheza, tukashinda kwa taabu. Raba zetu za mitumba zilikuwa zimeachama, tukazifunga kwa kamba za katani.

Tukaingia fainali. Tanga mjini.

Joto la kule si la watu wa milimani. Kufika kipindi cha pili nilikuwa naona nyota. Uwanja wenyewe wa saruji, tambarare, umezungushiwa ukuta. Mpira ukitoka unagonga ukuta, unarudi wenyewe kwa adabu zote.

Bwana Ibrahimu alikaa mbele, kwenye meza ya wageni, na suti yake. Kila nikimwona napata nguvu.

Zikabaki sekunde chache. Tunaongoza kwa pointi moja.

Mpira ukamgonga mchezaji wao gotini, ukaelekea nje. Kila mtu aliona. Ukitoka ni wetu, tunarusha, tunaukumbatia, kengele inalia, tunaenda kuajiriwa.

Mwalimu Sefania alishaanza kunyanyua mikono. "Uache! Uache, Mansuri!"

Lakini miguu ya Mansuri ilikuwa haijui habari za Tanga. Ilikuwa inajua korongo. Akaruka, akaukuta hewani, akaurudisha ndani bila kuangalia.

Ukatua mikononi mwa kapteni wao, Jafari, aliyesimama peke yake chini ya kikapu chetu.

Nadhani hata yeye alishangaa. Akafunga. Kengele ikalia.

Kicheko nilichowaambia ndicho kilichofuata hapo. Mansuri akabaki amelala pale pale, na mimi ndiye niliyekwenda kumwinua. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Nimesahau, Kapteni. Nimesahau."

Bwana Ibrahimu akapita kutupa mikono. "Mmecheza vizuri, wanangu," akasema, na macho ameyaelekeza chini. Kisha akaondoka kwa miguu.

Hakuna aliyemlaumu Mansuri. Naapa, hata mmoja. Mwalimu Sefania alimnunulia soda Segera, naye Mansuri akaishika mkononi mpaka Mombo bila kuionja.

Wiki iliyofuata akafunga begi.

"Unakwenda wapi na mitihani imekaribia?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Watu wanne nimewanyima kazi, Kapteni. Nitakaa nao darasani naangalia wapi?"

Nilimshika mkono, nikaomba, nikagomba. Akaondoka.

Sisi tukamaliza chuo. Tetesi zikawa kweli. Nilingoja kupangiwa shule, nikangoja tena, mpaka mama yangu akaacha kuniuliza.

Mwisho nikasema liwalo na liwe. Nikashuka Tanga kwenda kumpigia magoti Bwana Ibrahimu, labda atanikumbuka.

Nafika kwenye geti la shirika, geti lina kufuli. Pembeni yake kijana kapanga raba za mitumba juu ya turubai. Ananiangalia, namwangalia.

Jafari.

"We! Si wewe wa wale wapanda milima?" akacheka, akanisogezea ndoo nikae. "Umefuata nini huku?"

Nikamwambia. Akaacha kucheka.

"Kaka, shirika liliuzwa kabla ya fainali. Mzee Ibrahimu mwenyewe alikuwa ameshapunguzwa. Siku ile alikuja kwa mazoea tu, mtu hana pa kwenda."

"Na nyie mabingwa?"

"Mabingwa tulikuja hapa na mabegi yetu, mlinzi akatufukuza kama kuku. Wenzangu wakarudi kwao. Mimi nauli sikuwa nayo, ndiyo unaniona."

Niwaambie ukweli. Nilipaswa kulia, lakini moyo wangu ulifurahi. Nilimwaza Mansuri. Kumbe hakumnyima mtu kitu! Sikulala hata Tanga. Nilipanda gari la Korogwe, nikapandisha Bungu.

Pale kwao nikampokea mama yake Mansuri, Bi Hadija, mzigo wa kuni aliokuwa nao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu sana. Mwenzio yuko nyuma ya nyumba, ndiyo kazi yake kila jioni akitoka shamba."

Nikazunguka. Mansuri alikuwa amegongomea pete ya pipa kwenye mkaratusi, ana mpira wa makaratasi aliousokota kwa kamba. Amekonda, lakini anaruka vilevile.

Aliponiona alicheka kwa mara ya kwanza tangu Tanga. "Kapteni! Njoo uone. Siku hizi ukitoka nauacha. Nimejifunza. Mwakani nashuka Tanga, nakwenda kumwomba Bwana Ibrahimu anipime upya. Mzee nimeshamwambia, ameanza kuongea ongea."

Jamani, nilikuwa nimebeba zawadi. Nikaitoa yote palepale.

Nikamwambia geti lina kufuli. Nikamwambia kuhusu Jafari na raba zake. Nikamwambia, "Hukuharibu chochote, Mansuri. Uko huru."

Akauliza taratibu, "Kwa hiyo hata kama ningeuacha ule mpira?"

"Hata kama ungeuacha."

"Hata tungeshinda?"

"Hata tungeshinda, hakukuwa na kazi. Hakukuwa na kitu kabisa."

Nilingoja ashushe pumzi. Akakaa chini, mgongo kwenye mkaratusi.

"Bora ningekuwa nimeharibu mimi," akasema. "Kosa langu ningelirekebisha, Kapteni. Hili sasa nalirekebishaje?"

Nikakaa chini pembeni yake.

Asubuhi yake Bi Hadija alinisindikiza njiani. Tulipokaribia barabara akasimama.

"Mwanangu, ulimwambia nini mwenzio jana? Amekataa kutoka. Na baba yake naye amerudi barazani, haongei."

Nikadanganya kwamba ni uchovu tu. Nikapanda gari.

Ndugu zangu, ninachowaachia ni hiki. Kuna mtu anabeba kosa lisilo lake na unatamani umtue. Kabla hujamtua, angalia kwanza kama si hilo kosa ndilo linalomwamsha asubuhi. Ukishamwondolea, hakikisha una kitu cha kumpa badala yake. Mimi sikuwa nacho, na wakati ule, nchi nzima, sijui nani alikuwa nacho.