Kichwa Kilichotunza Kofia ya Mjomba

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Mdachi, yaani Mjerumani, akiwa bado anapuliza tarumbeta pale bomani Arusha, mtoto hakudanganywa kuwa ni mzuri. Mwenye matege aliitwa Matege, mwenye meno makubwa ya mbele aliitwa Sungura, na mimi, kwa kuwa Mungu alikuwa mkarimu mno aliponiumba kuanzia shingoni kwenda juu, niliitwa Kichwa. Mama yangu mzazi ndiye aliyeanza. Alisema nilipokuwa nazaliwa wanawake waliomsaidia walidhani ni mapacha. Siku hizi mtoto akiambiwa neno kama hilo ananuna, na wazazi wanakimbilia dukani kumnunulia soda ya kumbembeleza. Mimi nilitwishwa mzigo wa majani ya ng'ombe, na kila aliyeniona alikiri kwamba kichwa changu kimepata kazi inayokifaa.

Nakumbuka baridi ya asubuhi pale kwetu, juu ya Tengeru, mlima ukiwa umejifunika na umande wa migombani ukikulowesha mpaka mapajani. Tulikata majani, tukachota maji mferejini, tukanywa loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa yaliyochacha, halafu tukakimbia shule ya misheni kuandika kwenye vibao vya mawe. Mchana tuliteleza mteremkoni tukiwa tumekalia magome mabichi ya migomba. Katika mchezo huo hakuna aliyenishinda. Wenzangu walisema kichwa kilikuwa kinanivuta, nami sikubisha, maana mara nyingi ndicho kilichotangulia kufika chini.

Katika ukoo mzima, mtu mmoja tu alikuwa na kichwa cha ukubwa huo: mjomba Ndekirwa, mdogo wake mama, aliyefanya kazi kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja huko Usa River. Alikuwa amechumbia, na alikuwa ameapa kwamba atakwenda kwenye harusi yake amevaa kofia ya pama. Kwa wasioikumbuka, pama ni ile kofia laini ya manyoya yaliyoshindiliwa, yenye ukingo wa kuzunguka, bonde juu na mabonyeo mawili mbele. Wadachi wa mashambani waliivaa walipochoka na ile kofia yao ngumu. Baba yangu alimuuliza mjomba atafanya nini mvua ikinyesha. Mjomba akajibu kwamba mvua ikinyesha ndipo watu watajua kwa nini ameinunua.

Alinichukua mjini kuichagua. Nilitembea njia nzima nikijiona mkubwa, mpaka tukafika kwenye duka la Mhindi karibu na boma. Kofia zilizokuwa mbele zilimkaa mjomba utosini kama kifuniko cha chungu kidogo juu ya chungu kikubwa. Mhindi akaingia ndani, akatoka na moja ya rangi ya majivu, ambayo alisema imekaa muda mrefu kwa kukosa kichwa. Ikamwenea mjomba sawasawa. Lakini mjomba alitaka kujua anavyoonekana kwa nyuma, na kioo kilikuwa kidogo, basi akanivika mimi, akanigeuza. Ikaingia kana kwamba nimepimiwa. Mhindi alinitazama mimi, akamtazama mjomba, akacheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka, nikidhani nimesifiwa.

Yule mzee wa duka aliipenda bidhaa yake. Alimfundisha mjomba kubonyeza ukingo kwa dole gumba: ukirudi wenyewe, kofia ni nzima, ukibaki na shimo, mwachie mwingine. Akamwambia, "Usiishike hapa mbele kwenye mabonyeo, itapasuka. Usiitundike msumarini, itaota pembe. Ikilowa, iache ikauke mbali na moto. Ikiharibika umbo, ipitishe kwenye mvuke, uirudishe kwa vidole. Na isikae muda mrefu bila kichwa, itasinyaa."

Mimi, mwanafunzi wa misheni, nikaona niulize swali la maana. "Imetengenezwa na nini?"

"Manyoya ya sungura," akasema Mhindi.

Jibu hilo nililishika kuliko mafundisho yote, na ndilo lililoniponza.

Harusi haikufika. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilifika kwanza, na vijana wakakusanywa kubeba mizigo ya askari. Mjomba alipita nyumbani asubuhi kumuaga mama. Alinivua kitambaa kichwani, akanivika kofia yake mbele ya watu wote.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mimi mtoto wa kike, alipotaka nimsikilize, "kichwa chako na changu ni kimoja. Ivae kidogo kila jioni, isisahau umbo. Nitakuja kuichukua."

Bibi yangu akatutemea mate ya baraka, kofia na mimi pamoja, na mjomba akaondoka kichwa wazi. Mama alisimama migombani mpaka alipopotea. Tangu siku hiyo nikawa na imani ambayo sikumwambia mtu: kofia ikiwa salama, mjomba yuko salama. Mwalimu alitufundisha kwamba uhai wa mtu uko mikononi mwa Mungu. Nilikubali darasani, lakini nikirudi nyumbani nilijua uko kapuni, juu ya kichanja, nimeufunika kwa kipande cha kaniki.

Nilifanya kazi hiyo kwa majivuno yasiyovumilika. Kila jioni nilikaa nje kwenye kigoda, kofia kichwani, mgongo wima, nikijiona Bwana Shamba. Watoto wa jirani walipita wakiniita Uyoga. Sikuwajibu, maana mwenye dhamana habishani na watu. Mama akichemsha ndizi, mimi nilikuja na kofia yangu kuiwekea mvuke, nikawa namsukuma ili nipate nafasi kwenye chungu. Baba alisema katika nyumba hii kofia inakula kabla yake.

Mama hakunikataza hata mara moja. Alfajiri, akidhani nimelala, nilimwona akiitoa kofia kapuni na kuuinamisha uso wake ndani. Niliamini anakagua kazi yangu, na nilijisikia fahari.

Kisha zikaja mvua za masika, na mimi, kwa kutaka kuonekana, nikaivaa kofia kwenda kanisani. Mvua ikanikuta njiani. Nilirudi nyumbani maji yakinichuruzika ukingoni pande zote, na kwa haraka ya kuficha nikaianika karibu na moto. Ilikauka ikawa ngumu. Ukingo ulijikunja kama jani la mgomba la kiangazi, na nilipougonga kwa ukucha ulitoa sauti.

Hapo ndipo elimu yangu yote ikafanya kazi kwa pamoja. Kwetu, ngozi ikikauka inalishwa mafuta. Mama alivipaka mafuta vazi lake la ngozi na ile ngozi aliyombebea mtoto mgongoni, navyo vikalainika mpaka vikawa kama shavu. Kofia ilitokana na mnyama, Mhindi mwenyewe alikuwa amesema. Basi kofia ilikuwa na njaa. Nilichukua mafuta ya mkia wa kondoo, nikayapasha, nikailisha ile kofia kwa upendo, ndani na nje, mpaka iliposhiba. Nikaiongeza kidogo, isije ikasema nina mkono mgumu.

Ililainika kweli. Ililainika mpaka ikashindwa kusimama. Rangi ya majivu ikawa ya matope, ukingo ukaanguka, bonde likatumbukia, na mbwa wetu, ambaye hakuwahi kunipenda, akaanza kunifuata kila nilikokwenda. Nzi nao walipata habari. Niliishika mikononi nikiwa na hakika kwamba huko aliko, mjomba ameanguka muda huo huo na mzigo wake, na mimi ndiye niliyemuua kwa mafuta ya kondoo.

Nilimpelekea mama nikilia, nikamwambia, "Nimemuua mjomba."

Mama hakuelewa mpaka alipoona kofia. Aliipokea, akauinamisha uso wake ndani kama alivyozoea, akavuta pumzi. Kisha akakaa chini, palepale mlangoni, na kunikazia macho. Nilitegemea kipigo. Sikupigwa.

"Nilikuwa nainusa," akasema. "Ilikuwa na jasho lake. Sasa ni kondoo tu."

Nimeishi miaka mingi na nimesikia maneno makali, lakini hakuna lililonichoma kama hilo lililosemwa polepole. Wakati wote niliojidhania mlinzi wa mjomba, mama alikuwa na mdogo wake ndani ya kofia ile, na mimi nilimwosha kwa mafuta.

Alilia kidogo, akafuta uso, akainuka. Alipasha unga mkavu wa mahindi, akaisugulia kofia mpaka unga ukanyonya mafuta na kuwa madonge, akaukung'uta, akaweka mwingine. Kuku wetu walinenepa majuma yale. Unga uliposhindwa alitumia udongo mweupe wa mtoni, akaipiga kofia burashi ya nyuzi za mgomba, kwa upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Mwisho akaiweka kwenye mvuke mpaka ikawa ya moto, akanivika hivyo hivyo ili irudi umbo. Masikio yaliniungua.

"Tulia, Kichwa," akawa ananiambia huku akibonyeza mbele kwa vidole vyake. "Atarudi. Akirudi aikute."

Kofia ikasimama tena. Ilibaki na doa kubwa upande wa kushoto, na kila hewa ilipokuwa na unyevu ilinuka kondoo, lakini ilikuwa kofia. Mama hakuinusa tena alfajiri. Hilo niliangalia kila siku, na kila siku nilitamani nione tofauti.

Mdachi akaondoka bomani, bendera nyingine ikapanda, vijana wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi. Mama alikuwa anakamua jioni moja nilipomwona mtu mwembamba akipenya migombani, amenyolewa, mifupa ya mashavu imemtoka. Kilichonifanya nimtambue ni ukubwa wa kichwa. Mama alimtazama, akamaliza kukamua kwanza, maana ng'ombe hajui habari za vita, kisha akaweka kibuyu chini na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilikimbia kuileta kofia. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi, akaivaa. Ikamshuka mpaka puani.

Alikuwa amekonda, ndiyo, lakini hata njaa ya vita haipunguzi mfupa wa kichwa kiasi hicho. Mimi ndiye niliyekuwa nimekua. Kila jioni kichwa changu kilikuwa kinaipanua kofia kidogo kidogo, na ule mvuke wa mwisho ukaikamilisha kwa kipimo changu. Mjomba akainua ukingo kwa kidole, akanichungulia.

"Nilikuachia kichwa kimoja," akasema, "nimekuta umekifanya viwili."

Baba alicheka mpaka akaegemea nguzo, mama akacheka huku bado analia, na mimi, kwa furaha ya kujua kwamba sijaua mtu, nikacheka kuliko wote.

Alioa akiwa amevaa kofia hiyo, ameijaza majani makavu ya mgomba ndani ili ikae. Alipoivua mlangoni pa kanisa, kama ilivyo adabu, majani yakamwagika miguuni pa mchungaji, na ibada ikasubiri tukiokota. Aliivaa mpaka uzee wake. Alipofariki, watoto wake, ambao wote walizaliwa na vichwa vya kawaida, waliniletea bila ubishi.

Sasa mjukuu wangu Elia, aliyepanga chumba Kaloleni, naye amenunua pama. Anaivaa kisogoni juu ya nywele za afro, kama kitu kilichomwangukia kutoka dirishani, na suruali yake ya bugaluu inafagia barabara nzima. Anaishika hapo hapo kwenye mabonyeo. Anaitundika msumarini. Nilipomweleza habari ya mvuke aliniambia, "Bibi, ikiharibika nitanunua nyingine." Sikumkemea, kwa kuwa aliyepaka kofia mafuta ya mkia wa kondoo hana kiti kwenye baraza la kuhukumu kofia za wengine.

Wiki iliyopita alikuja kuaga. Anakwenda kusoma ng'ambo, miaka kadhaa. Nilimwuliza ananiachia nini. Akacheka, akanipa picha yake ya rangi, ameegemea gari lisilo lake. "Hii hapa, Bibi. Utaniona kila siku." Ni picha nzuri. Enzi zetu hatukuwa na picha. Mtu akiondoka tulibaki na kile alichokigusa, tukakishughulikia mpaka mikono ikauma, na kwa kukishughulikia tukawa naye. Picha haitaki chochote kwako. Niliiweka kabatini, nikaiinamia nikainusa, nikijicheka. Ilinuka karatasi.

Alipoondoka nikaona kofia yake imebaki msumarini. Sijui aliisahau, au vijana hawa nao wana namna yao ya kusema mambo. Niliishusha kwa kushika ukingo. Tayari ilikuwa inaota pembe, basi nikabandika ndizi jikoni, nikaipitisha kwenye mvuke, nikairudisha kwa vidole. Kisha nikakaa nje kwenye kiti changu, nikaivaa.

Imenienea. Maskini Elia, kumbe zile nywele zilikuwa zinaficha kichwa cha ukoo wetu.

Naivaa kidogo kila jioni. Mafuta sijapaka.