Mwenyeji Alivyopona

Mtaani walimwita Mgeni. Alifika akiwa kijana mwembamba mwenye begi moja. Sasa ana kitambi, mke wa hapahapa, watoto wasiojua lugha ya bibi yao, na bado ni Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa mapema sana. Shamba ndilo lililogoma kupatikana.

Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Alipotaka kufungua karakana, karani wa leseni aliyatazama makaratasi yake, akatabasamu kwa upole kama anayemfariji mfiwa. "Kufanya kazi ruksa, ndugu yangu. Kumiliki ndiyo hapana. Tafuta mwenyeji akuwekee jina."

Mwenyeji alikuwepo nyumbani, tena anakula: kaka wa mkewe, bingwa wa kusubiri mambo yanyooke.

"Shemeji, jina langu ni lako," alisema huku akijiongezea mchuzi. "Jina linagharimu nini?"

Mgeni akanunua mashine, akavuta umeme, akayaunguza macho yake kwa cheche. Shemeji alikuwa akipita kila mwisho wa mwezi "kusalimia tu", na hakuondoka mikono mitupu hata siku moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipona mpaka akanunua gari.

Kisha ikaja zabuni ya mageti ya shule zote za mji. Shemeji akaja na kibao kipya chenye jina lake, na mwanawe, bwana mwenye tai ambaye hajawahi kushika hata koleo.

"Huyu ndiye meneja."

"Meneja wa nini, shemeji?"

"Wa karakana yangu."

Mgeni akacheka, maana mashemeji hutaniana. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Nyumbani mkewe alilia weee, kisha akajifuta. "Utamshtaki kwa lipi, baba watoto? Karatasi zote zinasema ni yake."

Agizo la kwanza la meneja lilikuwa geti jipya la karakana, eti wezi wamezidi. Mgeni akalitengeneza. Angefanyaje? Karakana nyingine ingetaka jina jingine, na mashemeji walikuwa wamemwishia. Tena alilitengeneza vizuri, na hilo ndilo linaloudhi: bawaba hazikulia, kufuli likakaa kama limezaliwa humo.

"Funguo ngapi?" shemeji aliuliza.

"Mbili."

"Lete zote, fundi."

Fundi! Ushemeji ulikufa palepale, bila hata matanga.

Jumatatu Mgeni alifika mapema kama kawaida yake, akasimama nje ya geti na kioo chake cha kuchomelea kwapani. Jua likapanda. Mteja wake wa zamani akapita, akashangaa.

"Mgeni! Mbona umesimama nje ya kwako?"

"Namsubiri mwenyeji," akasema. "Bado amelala."