Santuri ya Pili ya Ngolo

Kwenye santuri ya kwanza, Ngolo Masunga anasema kwamba alimwacha mama yake kwa sababu kizee kinakula na hakikamuliwi. Anayasema hayo kwa sauti nzito isiyo na haraka, ngoma zikimfuata kwa nyuma, na anayasema vizuri mno. Hayo ndiyo maneno ambayo Iringa yote na Mbeya yote wanayajua. Santuri ya pili, ambayo ndani yake anayakana, haijawahi kuwekwa kwenye gramafoni hata moja ya nchi hii.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu wanaomwiga wanaongezeka kila mwaka, na sijakutana na hata mmoja anayejua kwamba anaiga nusu.

Ngolo alihamia Usangu na ng'ombe wa ukoo wakati ukame ulipokausha malambo ya kwao, upande wa Shinyanga. Mama yake, Minza, hakuja. Ni yeye mwenyewe aliyemwambia mwanawe aondoke: peleka ng'ombe penye majani, mimi nabaki na kaburi la baba yako, ukishajenga utakuja kunichukua. Akamtia mkononi kamba ya ng'ombe aliyetangulia kundi, akaingia ndani ili asimwone akiondoka. Ngolo akafika karibu na Rujewa, akajifunza kulima mpunga wa mifereji, akaoa, akajenga. Kila mavuno alisema msimu ujao namleta mama. Mara ng'ombe wakaugua. Mara ikaja amri ya kuhamia vijijini, nyumba ikabomolewa, akaanza upya mahali pengine. Maisha ya mkulima wa nchi hii yanakwenda hivyo: ahadi yake ni ya kweli, ila siku zote kuna mtu mwingine mwenye mamlaka juu ya siku zake.

Alikuwa manju, yaani kiongozi wa waimbaji katika ngoma za mashindano. Baada ya mavuno makundi mawili husimama kwenye uwanja mmoja, kila moja na manju wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Manju wengine waliimba. Ngolo alisema. Alipanga maneno juu ya mapigo, mistari mirefu inayokimbizana na ngoma, akivuta pumzi pale tu ngoma ilipompa nafasi. Watu waliacha kucheza ili wamsikilize.

Kwao kaskazini, manju akitukanwa alijibu tu, maana watazamaji wote walijuana na tusi walikuwa wamelisikia. Huku Usangu uwanjani walikuja Wasangu, Wahehe, Wabena, wengine wakifika wakati tusi limeshapita. Kwa hiyo kundi la Ngolo likazoea jambo jipya. Kabla ya kujibu, manju alilivaa kwanza tusi la mpinzani wake. Alilisema lote kana kwamba ni lake, "nimefanya, nimefanya," tena kwa ufundi kuliko aliyelitunga, mpaka uwanja mzima unamzomea. Ndipo alipolivua, kipande kwa kipande, na wale waliomzomea wakaona aibu. Nimeuona uwanja ukigeuka namna hiyo mara nyingi. Sijaona hotuba yoyote iliyoweza kufanya kazi hiyo.

Tusi la kizee lilitungwa na Shija, manju wa ng'ambo ya mto. Ngolo alilivaa mchana mmoja, akalivua mpaka jua lilipoanza kushuka, na wanawake waliokuwa upande wa Shija wakavuka uwanja wakiwa wanalia. Siku hiyo alikuwapo Liberatus, Mhehe wa Kalenga mwenye duka la redio na santuri mjini Iringa, aliyekuja kutafuta mchele.

"Bwana Ngolo," alisema Liberatus, "hii lazima tuitoe kwenye santuri. Ila ifupishwe."

"Ifupishwe vipi?"

"Chukua ile ya kizee. Ile inachoma mpaka mfupani."

"Ile si yangu. Ni ya Shija, mimi nimeivaa tu."

"Mnunuzi atajuaje?"

"Ndiyo maana nasema santuri mbili. Moja ya kuvaa, moja ya kuvua. Zikae kwenye jalada moja kama mume na mke."

Liberatus akacheka. "Mume na mke huachana, bwana."

"Hawa wasiachane. Zote mbili, au hakuna."

Mimi nilikuwa mwalimu Rujewa, nimetoka chuoni nikiwa na moto, na nilimuunga mkono Ngolo kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia Liberatus kwamba taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuridhika na vinyimbo vya mapenzi vya dakika chache. Kwamba mkulima naye ana haki ya kusema jambo refu hadi mwisho. Liberatus akakubali. Nadhani alikubali ili ninyamaze.

Aliomba jambo moja tu, kwamba maneno yote yawe ya Kiswahili, yasichanganywe na lugha ya kwao, ili Mnyakyusa na Mhehe nao wanunue. Mwaka 1976 wakarekodi Mbeya, katika ukumbi ulioazimwa kwa wanakwaya. Kiongozi wa kwaya, Lutengano, alitundika mablanketi madirishani kuzuia ngurumo za malori. Kwa kuwa hapa kwetu hakuna kiwanda cha kuchapa santuri, kanda zikapelekwa Nairobi.

Mwezi wa kwanza wa 1977 yakaja majalada pamoja na maboksi ya santuri ya kwanza. Jalada lilikuwa zuri, la kufunguka kama kitabu, lenye picha ya Ngolo na fimbo yake, na ndani mifuko miwili. Santuri ya pili ingefuata na gari linalokuja. Mwezi wa pili mpaka wa Kenya ukafungwa. Nchi tatu zilizokuwa jumuiya moja zikagombana kama ndugu wanaogawana urithi, zikagawana ndege, reli na meli, na katika magomvi hayo yote hakuna waziri aliyejua kwamba upande wa pili kumebaki jibu la mchunga ng'ombe mmoja wa Usangu.

Ngolo alimwomba Liberatus aziweke santuri ghalani mpaka zitimie.

"Zitimie lini?" Liberatus aliuliza. "Mpaka mimi na wewe tufe? Watu wataisikia hii kwanza, ile ikija wataisikia. Tatizo liko wapi?"

Akaziuza, mfuko mmoja ukiwa mtupu.

Ilivuma kama moto kwenye nyasi kavu. Siku moja ya soko nilikuwa Mbalizi pamoja na Ngolo, tukaisikia kutoka kwenye baa ya Evarista, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi. Ndani vijana walikuwa wanaifuata mstari kwa mstari, wakigonga meza.

"Jamani, mwana gani huyu!" mmoja alipiga kelele. "Kizee hakikamuliwi! Aisee, huyu haogopi kitu!"

Ngolo akasimama mlangoni. "Hiyo ni nusu," alisema.

"Nusu ya nini, baba?" aliuliza Evarista.

"Ya maneno. Jibu liko kwenye santuri nyingine."

"Haya, iko wapi tuiweke?"

"Nairobi."

Baa nzima ikaangua kicheko. "Na mimi mume wangu mzuri yuko Nairobi," Evarista alisema. "Huyu mnayemwona hapa ni nusu!" Mtu mmoja akamtambua Ngolo kwa picha ya jaladani, wakambeba mabegani, wakamnywesha. Walimpenda. Walimpenda kwa kumwacha mama yake.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mwalimu, lazima mama aje kabla haijafika kule. Akiwa nyumbani kwangu, anakula chakula changu, watu wakaona, basi. Santuri itakuwa imejibiwa."

Akamtuma mdogo wake, Magesa, akamchukue mama baada ya mavuno. Wangepanda treni mpaka Dodoma, kisha basi hadi Iringa, na Ngolo angewapokea hapo stendi. Mimi nilikuwa na shughuli za shule mjini, tukaenda pamoja. Ngolo alikuwa amenunua shuka jipya la kumfunika mama njiani, maana baridi ya Iringa ni kali kwa mtu wa Shinyanga.

Basi letu liliharibika Mafinga. La Dodoma likatutangulia.

Tulimkuta Minza amekaa juu ya furushi lake, ng'ambo ya barabara kutoka duka la Liberatus. Kipaza sauti kilikuwa mlangoni. Magesa alikuwa amesimama pembeni, hajui aweke wapi mikono. Vijana wa stendi walikuwa wanasema pamoja na santuri, na bibi huyu mkavu, aliyeuza pamba miaka mingi kwa Kiswahili cha wanunuzi, alikuwa anaelewa kila neno.

Ngolo alipiga magoti. "Mayu," alisema, yaani mama.

"Nyamaza. Nasikiliza."

Akasikiliza mpaka sindano ilipofika mwisho.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi, mayu. Lakini hayo ni maneno ya Shija, ananitukana. Huku tunalivaa tusi kwanza, halafu tunajibu. Jibu liko kwenye santuri ya pili."

"Waambie waiweke."

"Haijafika. Mpaka umefungwa."

"Basi sema wewe. Mdomo si unao?"

Ngolo akainuka, akasema. Stendi, bila ngoma, katikati ya wapiga debe na makreti ya nyanya. Alisema kamba ya ng'ombe ilivyomuunguza kiganjani. Alisema mlango uliofungwa, na jinsi alivyotembea akigeuka kuutazama moshi wa mji wao mpaka usionekane. Vijana wakasogea.

"Mzee anasahau!" mmoja alisema. "Siyo hivyo! Ni 'kizee kinakula'!"

"Msaidieni, jamani!"

Wakamsaidia. Waliimba ya santuri juu ya sauti yake, kwa nia njema kabisa, wakipiga makofi. Ngolo akaendelea kusema chini ya kelele zile, akimtazama mama yake peke yake, na mama akainama mbele ili amsikie mpaka mwisho.

"Ni nzuri," Minza alisema. "Hii unaniambia mimi, nikiwa mbele yako. Ile uliwaambia watu, nikiwa sipo. Mimi ni mtu mzima, Ngolo. Najua mtu anasema ukweli wake wapi."

"Mayu, wewe ndiye uliyenituma!"

"Nilikutuma. Sijasahau kwamba nilikutuma. Miaka yote nilidhani uliondoka ukilia."

"Nililia."

"Labda."

Liberatus akatoka dukani akifuta mikono. Sura ilikuwa imemshuka. "Mama yangu, kamwene," alimwamkia kwa Kihehe. "Usichukue moyoni. Hizo ni nyimbo tu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeitoa hiyo santuri."

"Umefanya vizuri. Inasikika." Kisha akamgeukia mdogo. "Magesa, nenda kaulizie gari la kurudi."

Nilijaribu kumweleza. Nilieleza mpaka, kiwanda, jumuiya iliyovunjika, nikitumia kila neno nililofundishwa chuoni. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Kesho yake asubuhi alipanda basi la Dodoma pamoja na Magesa. Shuka alilipokea. Dirishani Ngolo alimshika mkono, naye hakuuondoa, ila hakuukaza.

Mwaka uliofuata Magesa alikuja peke yake kutuambia kwamba mama amezikwa kando ya mumewe.

Sasa ni 1979, na santuri ile ina wana. Mbalizi kuna vijana wa Kisafwa wanaosema kwa mapigo kwamba wameiba mahari ya dada zao. Iringa, kwenye dansi la wanachuo, nimemsikia mmoja akijisifu kwamba alimsaliti rafiki yake, na wenzake wakimshangilia kwa ushujaa wa kukiri. Wanalivaa tusi, wanatembea nalo, wanalala nalo. Hakuna anayelivua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona likivuliwa. Nilipokuwa chuoni niliamini kwamba santuri ingewapa wakulima ulimi. Imewapa, nami siku hizi nauogopa ulimi huo.

Mavuno haya vijana wa Rujewa walimwalika Ngolo kama mgeni wa heshima, yeye ambaye hajashika fimbo ya manju tangu msiba. Kijana Tadeo alisimama katikati ya uwanja, akasema santuri ya kwanza yote, bila kukosea, hata kikohozi kidogo alichokohoa Ngolo pale ukumbini Mbeya alikitia mahali pake. Ilipoishia santuri, akaishia. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Hapo Shija aliinuka. Amezeeka, na tangu habari za Iringa zilipomfikia amekuwa akimkwepa Ngolo njiani. Akaingia uwanjani akiinua mkono.

"Sikilizeni! Maneno hayo nimeyatunga mimi. Mimi, Shija. Ni uongo! Huyu hakumwacha mama yake!"

Kisha mtu akacheka upande wa nyuma.

"Mzee Shija anataka kuiba wimbo!"

"Kashindwa mashindano, sasa anadai santuri!"

"Mwone! Jalada lina picha ya nani? Yako?"

Wakaanza kumzomea. Shija aliapa kwa jina la baba yake, machozi yakimtoka, na kadiri alivyoapa ndivyo kicheko kilivyopanda. Tadeo akamjia Ngolo, akainama kwa heshima. "Mzee, sema wewe. Wimbo ni wa nani?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Ngolo alimtazama Tadeo, akawatazama watu wale waliokuwa tayari kupigana kwa ajili yake. Alitembea taratibu mpaka katikati, akamshika mpinzani wake mkono.

"Kaa chini, Shija," alimwambia. "Usijiaibishe bure. Aliyepaswa kuyasikia hayo ameshazikwa."