Kiuno cha Thelathini na Nane

Fundi cherehani wa kijijini Kighare hupima watu pini zikiwa mdomoni, akiimba puani nyimbo za kwaya, na kipimo cha mteja hakitaji kwa sauti kamwe. Leticia, aliyeleta kitenge ashonewe gauni la kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe, alisikia sokoni kwamba fundi alizaliwa na jinsia mbili. Ulimi ukamwasha.

“Samahani fundi, hivi wewe ni mama au baba?”

Wimbo ukakatika. Fundi akatoa pini moja moja.

“Mkunga mwenyewe alinigeuza-geuza akashindwa kuamua. Nimelia sana kwa hilo, mama. Siku hizi naimba. Kiuno ulisema ngapi?”

“Thelathini na nane,” Leticia akajibu, akivuta tumbo ndani.

Fundi akautazama utepe uliomzunguka kiunoni.

“Thelathini na nane,” akatangaza, wanawake wa barazani wasikie. Kisha akakata gauni la arobaini na sita.