Gato ya Marakuja Mugunga

Mtu asiniambie kwamba mkimbizi hapiki gato, yaani keki. Mimi nimepika, tena kambini Mugunga, pembeni mwa Goma, juu ya mawe ya volkano, na anayebisha aje nimwoneshe sufuria.

Tulikuwa tumekimbia vita Bunagana, mimi na binti yangu. Baba yake alibaki ng'ambo, upande wa Uganda, na kupitia dereva mmoja wa lori alikuwa ameniomba jambo moja tu: foto ya mtoto siku ya komunyo yake ya kwanza. Kwetu Butembo, nilikozaliwa, mtoto hatoki kanisani siku hiyo akakuta nyumbani hakuna kitu kitamu. Nyumba yenyewe sasa ilikuwa hema. Sikuona kwa nini hema litubadilishie desturi.

Msaada ulikuwa umetuletea avwani, ile shayiri iliyobanwa, ya kupikia uji. Watoto walikuwa wameuchoka uji huo hadi wanaukimbia. Nikaisugua avwani na unga, sukari na majarini kwa ncha za vidole mpaka ikawa chembechembe. Nusu nikaishindilia kwenye sinia, juu yake nikamimina marakuja, yaani pesheni, niliyoichemsha na ndizi mbivu mpaka ikawa nzito, kisha nikanyunyiza chembe zilizobaki. Hapo ndipo wengi huharibu: wanazigandamiza na zile za juu, wanapata tofali. Sinia nikaiweka juu ya mawe ndani ya sufuria kubwa, nikafunika, makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini. Masista wa Butembo walionifundisha kupika walikuwa na tanuri, mimi nilijitengenezea.

Harufu ilipoanza kutembea, mama chefu, msimamizi wa safu yetu ya mahema, alikuja mbio amejishika kichwa.

"Mama, zima ile moto! Bageni ba musaada beko nakuya. Bakisikia arufu ya gato, batasema hatuna njala, batatukatia chakula sisi bote!"

Nilimwonea huruma, maana alikuwa na wajukuu wa kulisha na hofu yake haikuwa ya uongo. Lakini hasira ilinipanda. Yaani tuponee chupuchupu kwenye mabomu, halafu tuogope gato?

"Mama chefu, bajukuu bako batakula pia," nilimjibu. "Sizimi."

Wageni walifika gato imeshaiva, na binti yangu amerudi kutoka misa na gauni jeupe la kuazima. Mmoja wao, kijana mpole wa hapa hapa Goma, alikuwa na kamera. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikamweleza habari za baba wa mtoto, akakubali kunipa foto. Kisha akaiona sinia.

"Mama, muweke ile sinia kando kidogo. Mutoto avue ile kanzu ya komunyo, akamate sahani yenye haina kitu, aikale chini."

Mama chefu alinitazama kwa macho ya kunisihi. Mimi nilikuwa namfikiria mume wangu huko ng'ambo, anafungua bahasha, anamkuta binti yake ameketi juu ya mawe meusi na sahani tupu mkononi, siku ya komunyo.

"Papa," nilimwambia yule kijana kwa heshima, "mutoto yangu iko na komunyo leo. Mupige na gauni na gato, ao muache."

Aliacha, akaenda mahema ya mbele. Nililia, sitadanganya, huku nikikata gato vipande. Mama chefu alichukua chake amenuna, akala, akarudi kuchukua vya wajukuu. Chakula hakikukatwa. Baba mtu hakuipata foto yake.

Juzi binti yangu, ambaye sasa ni mama wa watoto huko mtaa wa Katoyi, alinilalamikia tena. Wenzake wote wana foto za komunyo, yeye hana hata moja.

"Balikuwa natafuta mutoto wa njala," nikamwambia, "na weye ulikuwa nakula."