Kiganja cha Mbhele

Katika kanisa letu hapa Umlazi hakuna ngoma. Wanaume wa chama cha kanisa, wenye vizibao vyekundu, huimba kwa kufuata mdundo wa mto mdogo wa ngozi, kama wa kuegemea, unaopigwa kwa kiganja, na kwa miaka thelathini na mmoja kiganja hicho kilikuwa cha mume wangu, Zwelibanzi Mbhele. Alikuwa msimamizi katika karakana ya reli, mtu asiyechelewa kazini wala mezani, na mdundo wake ulikuwa hivyo hivyo. Wachungaji wanne walikuja wakaondoka, mto ukabaki mikononi mwake.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Baada ya miezi mitano alirudi kanisani na fimbo, akaudai mto wake, akapewa. Lakini sasa kiganja kilikawia, kwa unene wa unywele tu, na waimbaji wakawa wanakwaana. Jumapili moja, nyuma yangu nilimsikia mama mmoja, MaDuma, akinong'ona, "Baba Mbhele siku hizi anapiga kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani." Wenzake wakachekea ndani ya leso. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu niliyewafundisha nusu yao kusoma, nilitazama mbele.

Mwanetu Mzamo hutengeneza gqom, muziki wa vijana wa kucheza dansi, kwa kompyuta katika chumba cha uani. Programu yake huugawa muda kwa mistari, na kila pigo hukaa juu ya mstari wake. Nyimbo zake zilikuwa safi, ila hazikuchezeka. Rafiki yake mmoja alimwambia zinatembea kama polisi kwenye gwaride.

Jumapili hiyo hiyo ya mnong'ono wa MaDuma, baada ya chakula, Mzamo alimketisha baba yake mbele ya kipaza sauti, mto magotini.

"Piga kama leo asubuhi, Baba."

"Hukusikia wanavyonicheka?"

"Nilisikia. Wewe piga tu."

Akapiga. Mzamo akaweka ngoma nzito ya kompyuta chini ya mapigo hayo, imenyooka juu ya mstari, na kiganja kikaja nyuma yake kidogo. Mabega ya Mzamo yakaanza kucheza yenyewe.

"Hapo unapochelewa, Baba, ndipo kiuno kinapata nafasi ya kugeuka. Mwaka mzima nasogeza mapigo kwa kipanya, siipati hiyo."

Mume wangu alicheka kwa nusu ya mdomo. "Basi MaDuma aambiwe aje afundishwe."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Wao walisikia mwendo. Mimi nilisikia ugonjwa.

"Inyooshe," nilisema. "Watu hawatacheza baani juu ya kiharusi cha Mbhele."

"Ma, nani atajua ni yeye?"

"Mimi nitajua. Na hiyo ya kuchelewa isibaki."

Nilimlea kutii. Alibonyeza, mapigo yote yakarukia mistari yao, akayahifadhi juu ya yale ya kwanza, yakafutika. Tukasikiliza.

"Huyo ni mimi wa zamani," Zwelibanzi alisema. Akauweka mto mezani, akaomba nimsindikize nje juani. Jumapili iliyofuata hakuudai tena. Mwezi Juni alifariki.

Majuma mawili baada ya mazishi niligonga chumba cha uani, nikauliza kama rekodi ile ya mwanzo bado ipo.

"Haipo, Ma," alisema. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo, kila alasiri, yeye anasogeza pigo moja moja na mimi nasikiliza, tukimtafuta baba yake.

"La tatu alikawia zaidi."

"Kiasi gani?"

"Kama mtu anayeinuka kwenye kiti cha chini."

"Ma, kompyuta haina viti."

Mara mbili tumekaribia, na mara zote mbili nimelazimika kusema siye.

Jana Mzamo alichoka. Akaniwekea mto magotini. Ngozi imebonyea upande mmoja, pale kiganja cha baba yake kilipozoea. "Piga wewe, Ma. Uliishi naye miaka arobaini."

Mbele ya kipaza sauti nilifumba macho nikapiga, nikimsubiri kabla ya kila pigo. Nilipomaliza, Mzamo aliigeuza skrini upande wangu nione mwenyewe. Kila pigo langu lilikuwa limeangukia juu ya mstari.